Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kuja kukaa na kuandika katika bustani yetu, Nairobi

Watu wanaotuandikia kuomba siku huuliza mambo yanayofanana, nami nimeona ni heri majibu yakae mahali pamoja. Tafadhali yasome kabla hujatuma ombi lako.

Hii ni bustani ya nani?

Ni ya familia yetu. Aliyeianza ni mama mkwe wangu, miaka ya 1970, kwenye mteremko uliokuwa shamba la mahindi na viazi upande wa Lower Kabete Road, huku kwenye udongo mwekundu na mabonde yanayoshuka hadi kwenye vijito. Alipanda polepole, mti baada ya mti, mingine kwa miche aliyopewa na jirani, mingine kwa mbegu alizookota njiani akitoka sokoni. Si mkahawa, si ukumbi wa harusi, wala si hoteli. Ni nyuma ya nyumba tunamoishi, kwa hiyo ukiingia usishangae kuona nguo zimeanikwa na kuku wakichakura.

Kwa nini mnawafungulia waandishi?

Kwa sababu Nairobi imepungukiwa na mahali ambapo mtu anaweza kukaa kimya bila kununua kitu. Kijana anayeandika riwaya yake ya kwanza anaishi Pipeline au Kayole, chumba kimoja, ukuta wa jirani una redio, ngazi zina watoto, na chini kuna mtu anachomelea milango ya vyuma kutwa nzima. Akitaka utulivu itabidi akaagize kahawa mjini, na kahawa ikiisha anaanza kutazamwa. Maktaba ipo. Ile ya McMillan imesimama katikati ya jiji tangu 1931 na imelea wasomaji wengi. Lakini kiti cha maktaba kinagombewa na mwanafunzi mwenye mtihani wiki ijayo, naye ana haki yake.

Upande wetu huu wa jiji kuna bustani nyingi zilizotunzwa vizuri nyuma ya kuta ndefu, na kwa siku nyingi za juma hakuna anayeketi ndani yake. Hilo linaniuma. Tulipoamua kufungua yetu, tuliona waandishi ndio watakaoitumia bila kuichosha: wanakuja wachache, wanakaa, wanaondoka.

Lazima niwe nimechapisha kitabu?

Hapana. Tumepokea wanafunzi, wauguzi, makanga mmoja anayeandika tamthilia, na walimu wa shule za msingi wenye madaftari yaliyojaa mashairi ambayo hakuna aliyeyasoma. Tunauliza jambo moja tu: sasa hivi unaandika nini? Sentensi mbili zinatosha. Unaweza kuandika kwa Kiswahili, Kikuyu, Dholuo, Sheng, Kiingereza au lugha yoyote unayoiotea ndoto.

Kiingilio ni pesa ngapi?

Hakuna kiingilio. Ukipenda kuacha kitu, leta mche, mbegu, au kitabu cha rafu ya veranda. Watu pia huuliza kama wampe chochote Mzee anayetunza bustani. Ana mshahara wake. Anachothamini ni salamu. Ukiingia, msalimie kabla hujatafuta benchi, umuulize habari za kazi, kisha uende zako. Yeye ndiye anayejua ni mti gani umechanua wiki hii.

Nafikaje?

Kutoka mjini au Westlands, panda matatu za Wangige zinazopita Lower Kabete Road. Tukishakubaliana siku tutakutajia steji ya kushukia, na kutoka hapo ni mwendo mfupi kwa miguu au kwa boda. Anwani kamili hatuiandiki hapa, kwa kuwa hapa ndipo tunapolala. Wenye magari tunawaomba wabebane. Nafasi ya kuegesha ni ya magari mawili, na majirani hawapendi kuzibiwa lango.

Ndani kuna nini hasa?

Ukiingia, upande wa kushoto ni ua wa kayaba, ule wenye miiba mirefu ambao zamani ulikuwa umezunguka karibu kila boma huku. Matunda yake ya manjano ni makali mdomoni, na watoto wote wa mtaa wanayajua.

Mbele kidogo kuna muringa, na huo ndio mti ninaowashauri wageni waanzie. Ukichanua, kilele chote kinakuwa cheupe na unasikia nyuki kabla hujawaona. Okota ua moja lililoanguka. Petali zake ni utando mmoja mwembamba uliokunjamana, mweupe, kiasi kwamba ukiuinua juani unaona kivuli cha kidole chako upande wa pili. Ua huanguka lote zima, kikombe chake cha kahawia kikibaki tawini. Asubuhi Mzee akiwa hajafagia, chini ya mti hapaonekani udongo, na nyuki wengine bado wamo ndani ya maua yaliyokwisha kuanguka. Yakishinda juani, kufika alasiri yamegeuka rangi ya chai na kunyauka. Anayekuja asubuhi na anayekuja saa tisa wanaandika juu ya miti miwili tofauti.

Mteremkoni kuna mikinduri, mikima iliyoletwa nchini kutoka Australia, jakaranda ambayo asili yake ni Amerika Kusini, mparachichi na mipera. Karibu na veranda kuna kichaka cha brunfelsia, nitakieleza zaidi hapo chini. Kitalu cha mishubiri kipo juani, na mishubiri ikitoa maua marefu ya rangi ya machungwa utawaona chozi, ndege wadogo wenye mdomo uliopinda, wakining'inia kwenye bua na kunyonya ua moja moja kutoka chini kwenda juu.

Chini kabisa, karibu na kijito, kuna mugumo. Ulikuwepo kabla ya nyumba na kabla ya sisi. Kwa Wagikuyu mugumo ni mti wa ibada, na mama mkwe aliwauliza wazee wa jirani kabla hajapanda chochote karibu nao. Walichosema ndicho tunachofuata mpaka leo: haukatwi, haupigwi msumari, hautundikwi bembea. Unaweza kukaa kivulini mwake. Usiegemeze baiskeli, wala usichonge jina.

Nije msimu gani?

Inategemea unatafuta nini. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hali yake ya hewa huwashangaza hata Wakenya wa pwani na wa kanda ya ziwa. Julai na Agosti ni miezi ya baridi. Mawingu hukaa chini hadi adhuhuri na mikono huganda kwenye kalamu, basi beba sweta na soksi nzito. Baadhi ya waandishi wetu wanaipenda miezi hiyo kuliko mingine, kwa kuwa mwanga haubadiliki na mtu hupoteza hesabu ya saa.

Kati ya Septemba na Novemba jakaranda huchanua, jiji zima linageuka zambarau, na kila mtu anataka kuja. Orodha hujaa upesi. Mvua za vuli huanza karibu Oktoba hadi Desemba, na za masika ni Machi hadi Mei. Wengi hughairi wakiona mawingu. Mimi ningekushauri usighairi. Saa moja baada ya mvua, udongo wetu mwekundu unatoa harufu, konokono wanatoka, majani ya migomba yanaendelea kudondosha maji wakati anga imeshatulia, na kumbikumbi wakianza kuruka, ndege wa kila aina wanashuka kwa pamoja. Nyakati hizo bustani ina mambo mengi kuliko daftari lako litakavyoweza kubeba.

Januari na Februari ni jua kali na anga safi. Nyasi hukauka. Ni miezi mizuri kwa anayesahihisha muswada, kwa sababu maua ya kumvutia ni machache.

Mnapokea watu saa ngapi, na wangapi?

Jumanne na Alhamisi, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi alasiri. Watu wanne kwa siku, wasiozidi. Tulijaribu kuongeza idadi, na watu wakaanza kuzungumza.

Ni kimya kweli?

Ni tulivu, lakini jiji unalisikia. Ndege waitwao kwarara hupita asubuhi na jioni wakipiga kelele zao kubwa, na mgeni asiyewazoea hudhani kuna ugomvi. Kuna msumeno wa jirani, mbwa, adhana ikivuma kwa mbali, na matatu ikipanda kilima kwa gia ya chini. Sijawahi kuona sauti hizo zikimzuia mtu kuandika, kwa sababu hakuna hata moja inayomwita yeye. Kinachomzuia mtu ni simu yake. Tunaomba izimwe sauti, na ukipokea, toka hadi langoni. Muziki usiwe hata kwenye spika ndogo. Vipokea sauti vya masikioni si marufuku, ila utakuwa umefunga nusu ya ulichokijia.

Nimekaa saa tatu na sijaandika kitu. Nimekosea wapi?

Hujakosea. Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini wakati wa kuaga, kana kwamba mtu ametupotezea siku. Nalijibu kwa urefu kwa sababu ndilo linalonigusa kuliko yote katika orodha hii.

Wengi huja wakitumaini bustani itawapa hadithi. Wanaketi, wanafungua daftari, wanatazama mbele na kungoja. Wakichoka kungoja wanaandika kwamba mandhari yalikuwa ya kupendeza na ndege waliimba kwa sauti nyororo. Sentensi hiyo wangeweza kuiandika wakiwa Kayole. Haikuhitaji nauli.

Fanya hivi. Chagua kitu kimoja kidogo, ukitazame nusu saa nzima kalamu ikiwa mfukoni. Mimi huwapeleka wageni kwenye kile kichaka cha brunfelsia. Ua lake hufunguka likiwa zambarau iliyokolea, siku inayofuata limefifia, na baada ya siku chache limekuwa jeupe kabisa, lingali tawini. Kwa hiyo kwenye tawi moja unayakuta ya rangi zote tatu yamebanana. Jiulize lipi lilitangulia. Jiulize harufu inatoka kwa lipi, na kama ni ileile asubuhi na alasiri. Angalia ni mdudu gani anakwenda kwa lipi. Dakika kumi za kwanza utachoka. Utataka kuangalia saa. Kisha kuna kitu hulegea, unaanza kuona ambayo hukuyaona, na maneno unayoyahitaji yanakuwa machache na mahususi. Sasa toa kalamu. Andika ulichokiona bila kusema kwamba ni kizuri.

Mtu aliyefanya zoezi hilo akarudi nyumbani mikono mitupu hajapoteza siku. Jicho lililozoezwa kwenye tawi litatumika kwenye korido ya hospitali, kwenye kituo cha polisi, kwenye uso wa mama anayepokea simu ya habari mbaya. Mmoja wa wageni wetu alikuwa akiandika juu ya foleni ya wagonjwa. Asubuhi nzima alitazama siafu wakivuka njia: walinzi wakubwa pembeni, wadogo katikati, na mahali njia ilipokatizwa na unyayo wa mtu, vurugu, kisha mstari ukajirudi. Katika kitabu chake hakuna siafu hata mmoja. Lakini foleni yake inatembea sasa, na kabla ya hapo ilikuwa imesimama tu.

Tena, kuandika kunaweza kuja baadaye sana. Mwandishi Karen Blixen aliondoka kwenye shamba lake chini ya vilima vya Ngong mwaka 1931, na kitabu chake kuhusu miaka ile kilitoka mwaka 1937, akiwa amerudi kwao Denmark. Mtu anaweza kuwa na mengi ya kubishana na jicho lake la mlowezi, na mimi ninayo. Lakini ukisoma jinsi alivyokumbuka mwanga na hewa ya vilima vile akiwa mbali, unaona kwamba aliyatazama kwa dhati alipokuwa hapa.

Mimi naandika mashairi ya kimapokeo. Bustani itanisaidiaje?

Kwa miguu. Njia yetu ya mawe inazunguka kutoka veranda hadi mugumo na kurudi, nayo inatosha kabisa kwa kupima mizani. Mshororo wa tarbia wenye mizani kumi na sita, nane za kipande cha kwanza (ukwapi) na nane za cha pili (utao), hukaa vizuri kwenye mwendo: kila hatua silabi moja, hatua nane, pumzi, hatua nane nyingine. Ukikosa mizani mguu unakuambia kabla ya sikio. Wapo wanaohesabu kwa vidole mezani, na si vibaya, ila vidole husamehe makosa.

Mgeni mmoja alianza hivi chini ya muringa:

Muringa umedondosha, maua yake meupe,
upepo ukiyarusha, yaokote usitupe.

Beti zilizofuata zilizungumzia kodi ya nyumba. Tulifurahi sana.

Naweza kuja na kompyuta? Kuna intaneti na umeme?

Kompyuta karibu, ije imejaa chaji. Veranda ina soketi moja. Intaneti hatuwapi wageni, na tumeulizwa mara nyingi kama tutabadilisha msimamo. Hapana. Kama unahitaji kuhakiki jambo, liandike pembeni ulitafute jioni.

Naweza kupiga picha?

Za mimea, ndiyo, kwa kumbukumbu yako. Usipige nyumba, lango, watu wa nyumbani wala waandishi wengine. Picha za harusi, mahafali na matangazo haturuhusu, hata kwa malipo.

Nikiiandika bustani hii kwenye kazi yangu, kuna masharti?

Iandike upendavyo. Hamisha mugumo, ongeza mto, mfanye Mzee awe jasusi. Tunaomba mawili: usitaje mahali kwa namna ambayo mtu ataweza kutufuata hadi langoni, na usitumie maisha ya mtu wa nyumbani au mgeni mwenzako bila ruhusa yake. Watu wakikaa kimya pamoja, mchana wakati wa chai husimuliana mambo ya ndani. Ya chai yabaki kwenye chai.

Hatudai kusoma ulichoandika. Ukituletea, tutafurahi.

Majina ya mimea nitayajuaje?

Kwenye meza ya veranda kuna daftari la mama mkwe, ambamo kila mti umeandikwa kwa jina la Kikuyu, la Kiswahili pale alipolijua, na la kisayansi. Litumie, lisitoke verandani. Mwandishi akiandika "mti mkubwa" pale alipoweza kuandika mkinduri, msomaji wa Kiambu atajua papo hapo kwamba hakuufikia.

Kuna nyoka? Wadudu?

Nyoka hatujamuona kwa muda mrefu, lakini nyasi ni nyasi na kijito kipo karibu, kwa hiyo vaa viatu vya kufunika mguu na usiingize mkono kwenye rundo la majani. Siafu hutokea mvua ikinyesha. Angalia chini kabla hujaketi, na suruali ndani ya soksi si aibu.

Wa kuwa naye makini ni yule mdudu mwembamba mwenye mistari mieusi na rangi ya machungwa ambaye watu humwita Nairobi flai. Haumi wala hachomi. Akikutambaa usimpige wala usimponde, kwa kuwa majimaji ya mwili wake huunguza ngozi na kutoa malengelenge. Mpulize aende, au mwache apande kwenye karatasi. Kama umemponda kwa bahati mbaya, osha mahali hapo kwa sabuni na maji mara moja na usiguse macho.

Halafu kuna kima. Wanapita kutoka miti ya bondeni karibu kila siku. Hawana shida na mtu, shida ni mkate. Chakula kikae kwenye mkebe wenye kifuniko, na usiwape hata ganda la ndizi. Kima aliyezoea kulishwa huishia kuwa mkali, na mkali huishia kupigwa mawe.

Nibebe chakula?

Ndiyo, kile kisichohitaji kupashwa moto. Sisi tunatoa chai saa nne na saa nane, na mandazi siku ambazo yapo. Maji ya kunywa yapo. Pombe na sigara haziingii.

Natumia kiti cha magurudumu. Nitaweza?

Sehemu ya juu, kutoka langoni hadi veranda, muringa na brunfelsia, ni tambarare na ina njia ya zege. Choo cha veranda kina mlango mpana. Mteremko wa kwenda kijitoni ni mkali na una ngazi za mawe, huko bado hatujapata suluhisho. Tuambie mapema ili meza ya juu iwe yako siku hiyo.

Naweza kuja na mtoto?

Anayenyonya, ndiyo, na tumekuwa na waandishi wawili watatu waliomaliza sura mtoto akiwa mgongoni. Wakubwa zaidi tunaomba wabaki nyumbani siku za waandishi. Jumamosi za likizo ya shule huwa tunawaalika watoto peke yao, na hapo kelele ni halali.

Kuna kusomeana kazi?

Alhamisi ya mwisho ya mwezi, saa nane, verandani. Kila mtu husoma ukurasa mmoja kwa sauti. Wengine husema walichosikia kabla ya kusema wanachofikiri, na hakuna anayemsahihisha mtu lafudhi.

Mmejaa miezi miwili mbele. Niende wapi kwingine Nairobi?

Nafurahi kila mara nikiulizwa hili, kwa kuwa jiji letu lina bahati ya miti, na miti hiyo haikubaki kwa bahati.

Arboretumu, karibu na Ikulu, ilianzishwa mwaka 1907 kama mahali pa kujaribia miti ya kigeni inayokua haraka, kwa sababu reli ilihitaji kuni za kuendeshea magari yake. Leo ni kama hekta 30 za miti kutoka pembe zote za dunia, na siku za kazi asubuhi utapata benchi. Wikendi huja vikundi vya maombi na vya mazoezi. Kama unaandika mazungumzo, basi nenda wikendi.

Msitu wa Karura ni zaidi ya hekta 1,000, una maporomoko ya maji, mapango na mianzi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 sehemu zake zilikuwa zinagawiwa watu binafsi ili zijengwe. Januari 1999 Wangari Maathai na wenzake walikwenda kupanda miche langoni, wakapigwa, naye akajeruhiwa kichwani. Miaka mitano baadaye, 2004, alipewa Tuzo ya Nobeli ya Amani. Ukiwa Karura tembea kwanza, kaa baadaye, na chagua siku ya katikati ya juma.

City Park, Parklands, haina utulivu wa Karura na kima wake ni wezi stadi, lakini nampeleka huko kila mwandishi anayependa historia. Joseph Murumbi, aliyekuwa Makamu wa Rais mwaka 1966, amezikwa huko pamoja na mkewe Sheila, kwenye bustani ya kumbukumbu yenye sanamu za mawe, karibu na kaburi la Pio Gama Pinto, mwanasiasa aliyeuawa Februari 1965. Murumbi alikuwa mkusanyaji mkubwa wa vitabu na sanaa za Afrika, na vitabu vyake vimehifadhiwa kwenye Nyaraka za Taifa, Moi Avenue. Asubuhi kaburini, alasiri kwenye vitabu vyake: hiyo ni siku nzuri kabisa ya mwandishi.

Katikati ya jiji kuna Bustani ya Jeevanjee. A. M. Jeevanjee, mfanyabiashara, aliitoa kwa wakazi wa Nairobi mwaka 1906. Mwaka 1991 kulikuwa na mpango wa kuijenga, na mjukuu wake, Zarina Patel, akaongoza watu kuupinga hadi ukaachwa. Haina ukimya wowote. Kuna wahubiri, wabishi wa siasa, wapiga picha na watu waliolala kwenye nyasi. Nenda ukasikilize watu wanavyosema, kwa sababu sisi huku hatuna hilo la kukupa.

Sina mahali pa kwenda. Naweza kujitengenezea kona yangu?

Unaweza, hata kwenye roshani ya ghorofa ya nne. Ndoo kuukuu zilizotobolewa chini, udongo uliochanganywa na samadi iliyokauka vizuri, mrehani, mshubiri, na asumini wa kutambaa kwenye waya. Kumbuka kwamba Nairobi iko kusini kidogo tu mwa ikweta, kwa hiyo jua huhama: roshani inayotazama kusini hupigwa jua Desemba na kulikosa Juni, na inayotazama kaskazini ni kinyume chake. Panda ukijua hivyo, au uwe na ndoo za kuhamishika.

Kama una ploti Embakasi, Syokimau au Kitengela, udongo wako mweusi hupasuka wakati wa kiangazi na kuvimba wakati wa mvua. Usipigane nao. Inua kitalu kwa mawe, jaza samadi na majani makavu, na uanze na mimea inayovumilia. Kiti kiwe kimoja. Ukiweka viwili, cha pili kitapata mtu wa kuzungumza nawe.

Mvua kubwa ikinyesha nikiwa kwenu?

Veranda inatosha watu wanne na madaftari yao. Radi ikianza, ondoka chini ya miti mara moja.

Nikipata dharura na nisiweze kuja?

Tuma ujumbe siku moja kabla, hata kama ni usiku. Tuna orodha ya wanaongoja, na wengi wao wanaweza kufika kwa taarifa ya saa chache. Aliyekosa kuja mara mbili bila kusema tunamrudisha mwisho wa orodha, ila hatumfuti.